Kabati la Nyuso Zetu

Jumapili, 14 Novemba 1880. Asubuhi mvua nyembamba, upepo wa kaskazini. Leo tumefungua chumba cha kusomea cha ushirika. Nanakili hapa hotuba kama nilivyoisoma.

Raia Mwenyekiti, raia wajumbe wa kamati, ndugu zetu mliorudi kutoka uhamishoni Kaledonia Mpya, majirani wa mtaa huu wa Belleville, na nyinyi mabwana wawili mliokaa karibu na mlango, ambao hakuna aliyewaalika: habari za mchana.

Mimi Léonie Marchadier, dobi, nimeombwa nizungumzie jambo moja. Mpiga picha yule pale anasubiri. Je, tupigwe picha au tusipigwe?

Aprili ya mwaka sabini na moja, tulipoiasi serikali na kuziba barabara, tulipigwa picha juu ya kizuizi chetu cha mawe, watu kumi na wanne. Mpiga picha alituambia tusitikisike mpaka ahesabu kumi. Kaka yangu Anatole akamnong'oneza Honoré, mwoka mikate, "Vuta tumbo ndani, wewe, utatuziba wote." Honoré akajibu bila kufungua meno, "Tumbo hili ndilo litakalozuia mizinga." Anatole akacheka, na kwenye picha uso wake ukatoka umefifia kama moshi.

Tuliitundika picha ile kwenye dirisha la duka la Honoré, na kwa fahari yetu tukaandika majina chini yake. Nani alitulazimisha? Hakuna. Juni, uasi wetu uliposhindwa, askari wa serikali waliingia mtaani wakiwa nayo mkononi, wakiulinganisha uso mmoja baada ya mwingine. Tuliotulia kama tulivyoagizwa tulikamatwa. Honoré alipigwa risasi. Mimi nilipelekwa jela, nikapigwa picha nyingine, namba kifuani. Anatole, aliyecheka, aliachwa. Tangu siku hiyo hajasimama mbele ya kamera, hata kwenye harusi ya binti yake.

Asubuhi ya leo Sidonie, mjane wa Honoré, aliniambia tukimenya viazi, "Léonie, mlishawaonyesha polisi mlango wangu mara moja. Mnataka kuwaonyesha tena?"

Nikamuuliza, "Una picha ya Honoré?"

"Waliichukua. Wanayo wao."

Ndugu zangu, uso wa mume wake umo kabatini mwa polisi, naye mwenyewe hana. Je, tuendelee kujificha mpaka kabati lile liwe ndilo pekee linalotukumbuka? Mimi nasema hapana. Nyuso hizi ni zetu kabla hazijawa zao. Nitasimama pale leo. Majina hatutaandika, na kile kioo ambacho picha zote huchapwa kutoka kwake atakitunza Sidonie, akikubali. Asiyetaka abaki kitini, na asiulizwe.

Nanyi mabwana wa mlangoni, mnakaribishwa mstari wa mbele. Mmekusanya sura zetu miaka tisa. Tuachieni zenu mbili tu.

Nashukuru kamati, nawashukuru nyote kwa masikio yenu.

Mabwana wale walitoka kabla mpiga picha hajajifunika kitambaa chake. Sidonie alikaa kitini kwa muda mrefu, kisha akaja kusimama kando yangu, mikono bado ina harufu ya viazi. Anatole alikuja wa mwisho. Mpiga picha alihesabu mpaka kumi, na kaka yangu hakutikisika.

Sasa ni saa tano na robo usiku, nakwenda kulala.