Kumuaga Fuatino, Aliyesimama Baragumu Lilipolia

Waheshimiwa matai, wakuu wa koo za kijiji chetu, mkitanguliwa na chifu wetu mkuu. Baba Mchungaji na mama mchungaji. Mama zangu wa Kamati ya Wanawake. Wageni mliovuka maji kutoka kisiwa cha Savaii. Wachezaji wa timu ya taifa, wa zamani na wa sasa: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Nanyi mabinti wa nyuma huko, mnaocheka kabla sijasema kitu, nawasalimu kwa jicho.

Mimi Peleiupu mnanijua. Nimeifundisha timu yetu ya taifa ya kriketi ya wanawake miaka kumi na tisa, na leo nimepewa kazi ya kumuaga Fuatino, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayetundika gongo.

Nianzie wapi? Nikifumba macho namwona ana miaka kumi na mmoja, pale mbele ya kanisa, ameshika gongo letu la kirikiti, kriketi yetu ya asili, lile la pande tatu lililozungushiwa kamba ya nazi, nalo limemzidi urefu. Wanawake tunaimba, tunapiga makofi. Akapiga. Mpira ukapanda, ukazidi kupanda, nyimbo zikatuishia mdomoni, tukabaki kuutazama kule juu kwenye mwanga, na mimi niliyekuwa nahesabu mikimbio nikasahau hesabu. Ukatua kwenye sufuria la magimbi la mama mchungaji.

"Nani huyo?" mama akafoka jikoni.

"Ni mimi, mama. Yameiva?"

"Njoo uonje, mtundu mkubwa wewe!"

Akaenda, akaonja kweli! Na nilipompeleka mjini Apia kwenye timu ya taifa, akapewa lile gongo jembamba la kisasa, aliligeuza huku na huku akaniuliza, "Shangazi, hili gongo au mwiko?" Kwa mwiko huo alituchezea miaka kumi na minne. Nani kati yenu hakuwahi kupoteza sauti kwa ajili yake?

Sasa nataka kusema jambo ambalo halimo kwenye karatasi niliyoandikiwa. Wazee wangu, nivumilieni.

Mnaikumbuka fainali ya miaka sita iliyopita. Mvua ilichelewesha mchezo mpaka jua likawa linazama. Ulibaki mpira mmoja, tulihitaji mikimbio miwili, na Fuatino, nahodha wetu, ndiye aliyeshika gongo. Mrushaji wa wageni akaanza kukimbia. Ndipo kijiji cha jirani kikapuliza baragumu la sala ya jioni.

Jamani, bado naiota saa ile. Naota mpira umetoka mkononi mwa yule binti na unakuja polepole, polepole, nyasi zimekuwa za dhahabu, na Fuatino ameshusha gongo, ameinamisha kichwa, amesimama kimya kama tunavyosimama sote hapa nyumbani saa hiyo. Vijiti vikaanguka nyuma yake, tukawa tumeshindwa. Wageni wakarukaruka kwa furaha, kisha wakaona mabinti wetu wote wameinama, nao wakanyamaza bila kujua kwa nini. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Aliyekuwa anapiga kelele ni mtu mmoja tu. "Piga! Piga, mjinga wewe!" Mtu huyo ni mimi.

Alipotoka nilimkabili mbele ya watu wote. "Umekufa umesimama?"

"Shangazi, baragumu lililia."

"Kwani hapa ni kijijini kwako? Umetuuza!"

Nikamvua unahodha palepale. Kesho yake alifika mazoezini kabla yangu, akawachotea maji wenzake, na kwa miaka sita akacheza chini ya nahodha aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika gongo.

Lakini nani alimfundisha kusimama? Akiwa mdogo alikimbilia mpira saa ya sala, nikamvuta sikio mpaka akalia. Nilimwambia, "Likilia, hata mpira uwe hewani, unasimama." Maneno yangu hayo! Alinitii mimi, na mimi nikamwaibisha kwa kunitii. Naona haya, ndugu zangu. Nimeona haya miaka sita, na kiburi kikanifunga mdomo.

Kwetu mkosaji haombi radhi kwa maneno matamu. Huketi chini mbele ya aliyemkosea, akajifunika mkeka wa heshima, akangoja afunuliwe; kufunuliwa ndiko kusamehewa. Huu hapa wangu. Nimeusuka mwenyewe tangu mwaka ule, na kila nilipoukamilisha niliogopa kuuleta, nikaongeza ukingo mwingine.

Wazee, msininyanyue. Mabinti, msilie, mtaniliza. Fuatino mwanangu, asante kwa kila mkimbio, na asante zaidi kwa ule mpira ambao hukuupiga. Nanyi nyote mlionitegea sikio, nawashukuru kwa subira yenu.

Sasa naketi hapa miguuni pako, najifunika. Wa kuufunua mkeka huu ni wewe peke yako. Usipoweza leo, mwanangu, usijilazimishe. Nitakaa.