Mabati Mupya ya Cercle

Banki yetu ya mbao, ya kukalia, iko mu mutaa wa Manika, pembeni ya fasi mama Tshiela anauzisha kahawa ya termosi. Tuko bazee bane, tulitumika kazi bote ku mines, mu migodi ya kobalti. Zamani, kila siku ya Mungu, kisha misa, saa tisa, tulikuwa tunacheza dansi ya tango na bibi zetu ku cercle, ile nyumba yetu ya baa na ya kucheza. Mwaka jana paa ilianza kuvuja. Bachimbaji ba kobalti bakatuambia: mutuachilie shimo moja tu nyuma ya baa, tutawawekea mabati mupya. Sisi komite, bapumbavu bane, tukasinya karatasi. Tata Ngeleka, prezida, alisinya wa kwanza. Shimo ikatembea chini ya sakafu ya ciment mpaka salle yote ya kucheza ikaingia mu udongo, na mabati yake juu. Sasa tunakunywa kahawa.

Siku moja Stany, tunamuita Makanika, njo alianza maneno.

— Tango ni graisse, mafuta ya mashine, ba nduku. Magoti ikikauka, unatia tango. Bakubwa banasema: asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu. Mi nilisikia bakubwa, angalia muguu yangu, iko nzima!

— Bongo, unadanganya! Ntambwe akasema, ule tunaita Profesere. Kifo inajua kwenda mbele tu. Mu tango unarudi kinyumanyuma, kifo inakupita, inaenda kwa jirani.

— Na marehemu bibi yako? Hakurudi kinyuma? Makanika akauliza.

— Ile mwezi alikufa, alikataa kuja ku cercle.

Tata Ngeleka alikuwa anazungusha kikombe. Batu bote ba Manika banajua shida yake: mama Adolphine, bibi yake, kichwa inasahau. Bwana yake wa myaka makumi ine anamuita "tata" tu, ni kusema muzee, kama mugeni. Ni mu tango tu alikuwa anamuita jina lake.

— Jana nilifungua radio kwa nyumba, ikapiga tango, Ngeleka akasema. Nikamushika kiuno. Akalia. Eti, "tata, uniachilie, mi niko na bwana."

— Ni kobalti ya chini ya cercle! Profesere akaruka. Si banaitia mu batri? Myaka yote tulicheza juu yake, ikatuchaji kupitia miguu! Kwa nyumba hakuna kobalti, njo maana tango haishiki.

Makanika akatema chini.

— Basi tuliuzisha akili ya mama Adolphine kwa mabati.

Mi nilisikia haya, sababu ile kalamu ya kusinya ilikuwa yangu.

Na yeye huyo, mama Adolphine, anakuja mu vumbi, viatu vya kucheza mu miguu, rouge ku midomo. Akasimama mbele ya banki.

— Yambo, batata. Natafuta cercle. Bwana yangu ananingojea kule.

Ngeleka akasimama, akamunyooshea mukono.

— Adolphine, ni mi.

Akaangalia ule mukono. Akakumbatia saki yake ya mukononi.

— Pardon, tata. Mi sichezi na batu nisiowajua. Mukimuona bwana yangu, mutamuambia nilikuja?

Profesere akaangalia chini. Makanika vilevile. Mama Tshiela akafunga termosi.

— Nitamuambia, mama, Ngeleka akasema.