Bunduki ya Wendell Imefika

Katika basi la wazee linalozunguka vijiji vya milimani Pennsylvania, Lorna alijifanya anafuma soksi, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Pale Wendell, aliyefiwa na mkewe mwezi wa saba, alikuwa akimweleza mgeni mmoja mwenye kofia nyekundu kwamba amenunua bunduki mtandaoni.

"Si kuna duka la Amos hapo mjini?" mgeni akauliza.

"Achana na Amos! Nilimwendea, akanikazia macho weee, mwisho akasema hana ya kuniuzia. Na ukutani zimejaa! Eti nirudi theluji ikiyeyuka. Mtandaoni, ndugu yangu, hakuna anayekuuliza siku hizi unalala vipi."

"Kwa hiyo wanakuletea mpaka mlangoni?"

"Thubutu! Sheria haitaki. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni, najaza fomu, ndipo ananikabidhi."

"Na huku mwenye leseni ni nani?"

Lorna aliinua macho kutoka kwenye soksi. Wilaya nzima ilijua jibu.

"Wa ng'ambo ya mto kafunga duka," Wendell akasema, akikohoa. "Kabaki Amos."

Mgeni alicheka hadi kofia ikamwanguka. Wendell hakucheka.

Basi likasimama mbele ya duka la Amos, naye Wendell akashuka polepole. Kupitia kioo cha duka, Lorna alimwona Amos amesimama, boksi refu nyuma yake halijafunguliwa. Juu ya kaunta alikuwa ameshaweka vikombe viwili vya kahawa.