Bi Rudinyuma Anaondoka kwenye Meza ya Mabango

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, mchoraji wetu wa mabango anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika studio hii ya filamu za katuni. Jina lake kamili limo kwenye orodha ya mishahara, lakini humu ndani anaitwa Bi Rudinyuma, kwa kuwa kila anayekwenda mezani kwake kutazama kazi huambiwa kwanza arudi nyuma. Mgeni hurudi kidogo. Huambiwa aendelee. Wengi wetu tumetoa maoni yetu tukiwa tumeegemea mlango wa choo, maana ndiko chumba kinakoishia.

Alipoajiriwa, mabango yalichorwa kwa brashi na herufi zikapimwa kwa rula. Kompyuta zilipokuja alinung'unika wiki nzima, kisha akazizoea kuliko waliozileta. Kanuni yake haikubadilika. Anayetazama bango, husema, ana mzigo mkononi na basi linamwacha. Hatuna haki ya kumwongezea kazi. Simu zilipoanza kuonyesha picha aliongeza jaribio jingine: hulipunguza bango mpaka lilingane na stempu, na kisichoonekana hapo hukifuta. Majina ya watu wakubwa yamefutwa hivyo. Meneja aliyetaka zile alama za majani zinazotangaza tuzo zipangwe juu ya picha aliambiwa, kwa upole, kwamba zitalifanya bango lifanane na chupa ya mafuta ya kupikia.

Hakushinda kila mara. Filamu yetu ndefu ya kwanza ilikuwa na wahusika tisa, na kila mchoraji alitaka wake aonekane. Bi Rudinyuma alibishana, akachoka, akawaweka wote tisa, pamoja na mwezi na daraja. Bango lile lilikuwa kama picha ya darasa. Watu walipita mbele yake wakiwa na mizigo yao, wasiulize kitu, na jumba la sinema likaiondoa filamu kabla wiki haijaisha. Sisi ni studio ndogo isiyo na tajiri wa kutushika mkono, kwa hiyo tulirudi kwenye matangazo ya biashara. Kwa miaka mitatu tulichora meno yanayocheza muziki.

Alitakiwa kustaafu miaka miwili iliyopita. Mumewe, fundi cherehani, alikwishasogeza mashine yake pembeni ili mkewe apate mahali pa kuweka kiti karibu na dirisha. Lakini wakati huo filamu ya pili ilikuwa njiani, ile ya punda anayebeba mlango mgongoni na kuzunguka akitafuta nyumba ulikong'olewa. Bi Rudinyuma aliomba aongezewe muda. Mume alikuja ofisini kutuuliza kama tumemfunga mkewe kamba. Tulimwambia ukweli: hakuna aliyemzuia, ila mwenyewe amesema hawezi kwenda kupumzika na kutuacha na meno.

Filamu ilipokamilika, jumba la sinema lilitupa wiki moja, kwa sharti kwamba viti vikiwa vitupu hadi Alhamisi, itaondolewa. Hatukuwa na njia nyingine ya kujitangaza ila bango. Mwongozaji, binti ambaye humwita Bi Rudinyuma shangazi ingawa hawana undugu, alikwishatuambia kwamba ikishindikana na safari hii, atafunga studio. Alikuwa ameipa filamu hiyo miaka sita, na uso wake ulionyesha.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mwongozaji alitaka punda, seremala, mabata bukini watatu, askari wa mpakani na kijiji. Bi Rudinyuma alileta mlango mwekundu uliosimama wima, na chini yake miguu minne. Basi. Hakuna uso wa punda, hakuna mkia. Mchoraji tuliyempa jina la Masikio, kwa sababu muda mrefu wa kazi yake uliishia kwenye masikio ya punda huyo, aliacha kunywa chai meza moja naye.

"Shangazi, umemficha nyota wa filamu," mwongozaji alisema.

"Nyota ataonekana ndani. Huku nje namtaka mtu asimame tu."

"Na asiposimama?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na nitakosea nikiwa macho. Mara ya kwanza nilikosea kwa usingizi."

Walikubaliana kubandika mabango yote mawili, la mlango na lile alilolitaka mwongozaji, kwenye ukuta unaotazamana na kituo cha basi, na Bi Rudinyuma akaketi kwenye benchi la fundi viatu, akijifanya anasubiri kisigino. Aliporudi alitusimulia yote bila kujipendelea. Mbele ya lile la watu wengi, kijana mmoja alimuuliza mwenzake, "Hawa wanagombea nini?" Mwenzake akajibu kwamba ni kwaya. Mbele ya mlango hakuna aliyeuliza kitu, ila mzee mmoja aliutazama kwa makini, akaandika namba ya simu iliyokuwa chini, akapanda basi.

Tulifurahi mpaka simu ilipolia. Mzee alitaka kujua tunatengeneza milango kwa mbao gani, na kama tuna ya ukubwa wa chumba cha kulala. Kesho yake walipiga wengine wawili. Mmoja alipanda ngazi mwenyewe na kipimo chake mfukoni, akagombana na mlinzi aliyemwambia hapa hatuuzi milango. "Kama hamuuzi, mnaitangaza ya nini?" Kutoka upande wa pili wa barabara miguu ile minne ilionekana kama vigingi vya kuuzuia mlango usianguke.

Masikio alicheka siku hiyo kuliko siku zote tulizomfahamu. Bi Rudinyuma hakucheka wala hakukasirika. Alilibandua bango, akalikunja, akalirudisha mezani kwake. Tulidhani ataomba kwenda nyumbani. Badala yake alimwita Masikio.

"Mwanangu, njoo unisaidie. Nichoree masikio yachungulie juu ya mlango. Mawili tu. Uso ubaki nyuma ya mlango."

"Si ulisema hayana kazi?"

"Nilisema. Sasa nasema mengine."

Masikio alileta jozi nyingi: yenye hofu, yenye furaha, ya kusikiliza. Bi Rudinyuma alichagua ile ambayo sikio moja limesimama na jingine limelala kwa uchovu. Kisha akauinamisha mlango kidogo, akainua mguu mmoja wa mbele, na jina la filamu akalipanga chini kwa upana ule ule wa mlango. Mandhari niliyoichora mimi kwa miezi minne, miji yote ile ambayo punda anaipita, mingine akiikumbuka tu, ilibaki mstari mmoja wa vumbi. Nilikwenda hadi mlango wa choo nikatazama. Ilikuwa sawa.

Lilipobandikwa tena, mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alisimama, akaachwa na basi, akamwambia fundi viatu, "Sasa huu mlango unakwenda wapi?" Fundi akasema hajui. Wakaanza kubishana. Mmoja alisema punda ameuiba, mwingine kwamba anahama. Bi Rudinyuma hakungoja kisigino. Alipanda ngazi akamwambia mwongozaji kwamba sasa lichapishwe.

Sitadanganya kwamba mji mzima ulikimbilia sinema. Jumatatu kila mtazamaji angeweza kumiliki safu yake. Jumanne mvua ilinyesha. Mwongozaji alikuwa akipita kwenye ukumbi wa mapokezi wa jumba la sinema akijifanya mteja, na kila akirudi tulimtazama usoni tusimuulize. Jumatano viti vilianza kujaa kuanzia katikati. Alhamisi mkata tiketi alimwambia kwamba wengi hawalitaji jina la filamu; wanasogea dirishani na kusema, "Nipe ya ule mlango." Jioni tulipewa wiki ya pili, na baadaye ya tatu. Kampuni ya dawa ya meno ilipotupigia, mwongozaji aliwaambia, kwa adabu zote, kwamba tuna kazi nyingine.

Jumamosi ya wiki ya pili Bi Rudinyuma alikwenda na mumewe kuitazama filamu nzima kwa mara ya kwanza, maana hapa ofisini alikuwa akiiona vipande vipande. Punda hakufika hata kijiji cha kwanza kabla mama wa watu hajalala. Ilipokwisha, mhudumu alikuja na tochi kumwamsha. Mwongozaji, aliyekuwa ameketi nyuma yao, alimzuia.

"Mwache shangazi. Nitamkatia tiketi nyingine."

Akaikata. Taa zikazimwa tena, filamu ikaanza upya, na Bi Rudinyuma akaendelea kulala huku mkoba wake ukiwa mapajani kwa mumewe, ambaye aliitazama hadithi mara mbili na kumsimulia njiani wakirudi. Mpaka leo mwisho wa filamu ile anaujua kwa maneno ya fundi cherehani, na anasema unamtosha. Jumatatu yake alileta barua ya kuaga.

Bi, tunakushukuru kwa kila kitu ulichokataa kukiweka, na kwa saa zote ulizokaa hapa huku mwili ukikuomba ulale. Kuna filamu nyingine inachorwa sasa, na Masikio amekabidhiwa meza yako. Anaogopa, na tumemwambia ni sawa kuogopa. Mazuri yote yakufuate nyumbani: asubuhi zisizo na kengele, na mume wa kukuamsha pale tu chai ikiwa tayari. Ukitukumbuka, njoo. Usipokuja, tutajua umelala, na hakuna atakayekupigia simu.