Torgeir Haugli na Moyo Uliokuwa Ukiruka

Leo Jumamosi, tarehe 26 Septemba 1998, tumekutana hapa Guangzhou kumuaga ndugu yetu Torgeir Haugli, kabla mwili wake haujasafirishwa kwao Norway.

Torgeir alizaliwa tarehe 9 Februari 1950 katika kijiji kimoja karibu na Lillehammer, mtoto wa pili wa Mzee Halvor, mkata magogo, na Mama Borghild. Shule ya msingi ilikuwa kilomita nne kutoka nyumbani, na majira ya baridi alikwenda kwa kuteleza juu ya theluji, mbao ndefu zikiwa zimefungwa miguuni. Mama yake alikuwa akimsikia akiimba hadi anapotea msituni. Baadaye ndipo alipojua kwamba mtoto hakuimba kwa furaha. Aliogopa giza.

Mwaka 1969 aliingia jeshini, na huko akaanza mchezo wa biathloni. Mchezaji huteleza kilomita nyingi na bunduki mgongoni, kisha husimama akiwa anahema na kulenga shabaha tano. Kila risasi inayokosa humwongezea dakika nzima. Torgeir aliitwa timu ya taifa mwaka 1973, akawa bingwa wa nchi mara mbili, 1976 na 1979. Alitueleza kwamba pigo la moyo hutikisa bunduki, hivyo yeye alingoja pigo lipite, akafyatua kabla ya lingine kuja. Kabla ya kila shindano alijificha nyuma ya vibanda akatapika.

Februari 1981, akiwa anaongoza, alisimama kupiga shabaha za mwisho. Pigo likapita. Akangoja lingine, halikuja. Kitako cha bunduki kikiwa begani alihesabu moja, mbili, ndipo moyo ukashtuka kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Alikosa zote tano. Magazeti aliyaambia kwamba goti limemshinda, akastaafu wiki hiyo hiyo. Hata wazazi wake hawakuambiwa ukweli.

Mwaka 1983 alikuja kwetu Kisumu, Kenya, kufundisha michezo chuoni. Alipougua malaria, muuguzi Sesilia Anyango alimshika mkono kuhesabu mapigo, akaitazama saa, akahesabu tena. Alimwambia kwamba moyo wake unaruka mapigo. Torgeir alijibu kwamba anajua, ila asimwambie unaruka mara ngapi. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, na mwaka uliofuata Mungu akawajalia binti, Felisia.

Mwaka 1996 kampuni ya viatu ilimleta Guangzhou kukagua mali viwandani. Mafundi walimwita laoban, bosi, ingawa alikuwa mkaguzi tu. Sesilia naye alinunua viatu kwa jumla katika soko la Liuhua na kuvipeleka Nairobi. Daktari wa hapa alishauri Torgeir awekewe kifaa kidogo chini ya ngozi cha kuusukuma moyo. Akakataa. Alisema akilazwa kwa dawa ya usingizi hatakuwa na namna ya kuusikiliza moyo wake, na ukisimama hatajua. Kwa miaka miwili Sesilia hakuwa na raha. Mumewe akichelewa dakika kumi tu, alishuka barabarani kumtazamia, na kila king'ora kilichopita aliona kimekuja kumbeba mumewe.

Tarehe 18 Agosti mwaka huu umeme ulikatika katika jengo moja la maduka ya jumla katika mtaa wa Xiaobei. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Ndani walikuwamo Torgeir na Dalila, mfanyabiashara wa Zanzibar, pamoja na katoni zake za kandambili. Dalila alianza kuupiga mlango, pumzi zikimkatika. Sesilia, aliyekuwa akiwasubiri ghorofa ya saba, aliweka sikio mlangoni akamsikia mumewe akisema, "Mimi pia naogopa, dada. Tuhesabu pamoja."

Walihesabu kwa Kiswahili, pumzi kwa pumzi, kwa dakika arobaini. Kila sauti ya Torgeir ilipokatika, Sesilia alibana sikio mlangoni hadi aisikie tena. Mafundi walipofungua, Dalila alitoka kwa miguu yake. Torgeir alitoka akijishikiza ukutani, midomo imegeuka rangi. Jioni hiyo alisema hataki tena kuhesabu peke yake, akakubali upasuaji wa kuwekewa kifaa kile.

Zamu yake ilipofika, alilazwa Jumatatu, tarehe 21 Septemba, apasuliwe Jumatano. Jumanne asubuhi hali ilibadilika. Sesilia alitaka kukimbia kumchukua Felisia shuleni, lakini Torgeir akamshika kiganja.

"Naogopa sana, Sesi. Usiende popote."

Basi alikaa. Dalila ndiye aliyekwenda kumleta mtoto, wakamkuta baba bado anamtambua. Moyo wake ulisimama saa nne na dakika ishirini, mkewe upande mmoja, bintiye upande wa pili.

Marehemu ameacha mjane, Sesilia Anyango. Binti, Felisia, mwenye miaka kumi na mitatu. Mama mzazi, Borghild. Dada yake, Gudrun. Na mimi shemeji yake, Geoffrey Ouma, ninayesoma wasifu huu.

Siku alipolazwa aliniomba jambo moja: siku ya kumuaga, asisimame mtu kumwita shujaa asiyejua hofu. Tumwambie kila mtu kwamba aliogopa maisha yake yote, na kwamba mwishowe hakuona haya kusema. Nimesema, shemeji.

Sasa pumzika, Torgeir, kwa amani ya Mungu.