Masikio ya Kamate

— We Kamate, masikio yako ilikufa ao ingali muzima?

Aliyeuliza ni muzee Gérard, ambaye kijiweni wanamwita Sénateur ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kuongoza foleni ya maji. Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha Land Cruiser iliyokufa zamani, kimewekwa juu ya matairi mawili mbele ya gereji ya Aimé, hapa Mudzipela, mtaa wa Bunia. Wanakaa watu watatu, wa nne akija mmoja lazima akumbuke ana kazi. Mama Honorine huteremsha thermos zake mbili saa mbili asubuhi na kumimina kahawa yenye tangawizi ya kumwamsha maiti. Asubuhi hiyo walikaa Sénateur, Kamate mwenyewe, na katikati yao Jérôme, mdogo wa mke wa Kamate. Aimé alikuwa chini ya kamio, lori la mteja, miguu nje, kichwa ndani, lakini mdomo wake haukosi baraza lolote.

Kamate ni dereva wa mbio. Si wa kukimbia ovyo, maana hao Bunia inao wa kutosha, bali wa kazi: ana mkataba, kofia ngumu, na jina lake limeandikwa ubavuni mwa gari. Alianzia njia ya Mongbwalu, akibeba wachimbaji wa dhahabu katika matope yanayofika mlangoni, mpaka siku mkubwa mmoja wa timu ya Uganda alipomwona akitoka kwenye shimo lililoshinda malori matano. Miaka sita sasa, vikombe vitatu. Kisha, wiki tatu zilizopita, akiongoza kwa sekunde arobaini kule Uganda, alifika penye kona kali ya kushoto chini ya kilima, akaendelea moja kwa moja kana kwamba kona haipo, akaingia shamba la ndizi. Hakuna aliyeumia ila pua moja, ya Jérôme.

Kamate hakuisikia ile kona. Ndiyo, kona husikiwa. Dereva wa mbio hangoji aione. Pembeni yake anakaa msomaji na daftari walimoandika kila kona ya njia. Msomaji anasoma, dereva anatii. Msomaji wa Kamate ni Jérôme, na daftari lao hakuna mwingine duniani anayelielewa. Wenzao wanaandika namba. Wao wanaandika majina ya kwao: "Nizi" ni kona pana, usiguse breki, "Iga" ni kali, kama pale njia panda ya Iga Barrière, kanyaga breki kwa miguu yote, "Mongbwalu" ni matope, kila mtu na dini yake.

Jérôme aliwaambia wakubwa wa timu kwamba alisoma vizuri: Iga kushoto. Kamera ya ndani ya gari ilikuwa imezimika kwa vumbi tangu mwanzo. Basi yakabaki masikio ya Kamate. Timu ikaandika: kabla ya Ijumaa mchana aseme kama bado anaiweza kazi, la sivyo kiti kiende kwa mwingine. Na Ijumaa ilikuwa hiyo.

— Munganga wa hospitali aliangalia na tochi, alijibu Kamate. Anasema ndani iko safi kama ya mutoto.

— Munganga anaona uchafu, alisema Sénateur. Uvivu, ataiona na tochi gani? Sikiliza. Siye mu Congo usukani iko kushoto, mwenzako anakaa kuume. Kule kwao usukani iko kuume, Jérôme anakaa kushoto. Sikio ya kushoto ya Mukongomani haiyazoea kazi. Iko mu congé, inapumzika tangu uhuru.

— Muzee! ilipaza sauti miguu ya Aimé. Nusu ya magari ya Bunia iko na usukani kuume!

— Njo maana hamusikilizane!

Honorine alicheka hadi akamwaga kahawa. Kamate hakucheka. Wiki tatu alikuwa akijipima kama mtu anayetafuta homa: kanisani alihesabu kikohozi cha kila safu, nyumbani alimwambia mke wake aseme kitu akiwa jikoni, mpaka mke akachoka akasema kitu ambacho hakifai kurudiwa. Alisikia vyote. Lakini kila akiikumbuka ile kona, alikumbuka mvumo wa injini tu, kisha majani ya migomba kwenye kioo.

Aimé alitoka chini ya kamio, akajifuta mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono.

— Tufanye kazi ya sayansi. Naenda nyuma ya kamio, nawasha moteri, nasema jina moja pole pole. Weye ujibu.

Akawasha. Kiti kizima kikatetemeka. Wote wakainamisha vichwa. Wengine hawakusikia kitu.

— Fifi, alisema Kamate. Na ukome. Bibi yako wa ndoa anaitwa Mireille.

Aimé alirudi haraka akizima injini, akiomba jambo hilo libaki katika sayansi.

— Basi sikio si kitu, alisema. Ni mbio. Gari ilikuwa na kilometa mia na makumi sita ku saa. Neno ilitoka mu kinywa ya Jérôme, ikafika pale sikio ilikuwa, ikakuta sikio ilishaondoka.

— Na kinywa yenyewe haikuwa mu ile gari? aliuliza Honorine.

— Mama, weye mimina kahawa. Hii ni fizike.

— Fizike yako inaisha mu kikombe cha tatu.

Sénateur alikohoa, ishara kwamba sasa ukweli unakuja.

— Nilikuwa sitaki kusema, naogopea usalama. Chini ya kile kilima iko dhahabu. Dhahabu inavuta sauti. Uliza wachimbaji wa Nizi: mutu iko ndani ya shimo, unamuita mara tano, hajibu. Sauti yako ilishavutwa.

— Hajibu sababu amelala, alisema Honorine.

— Analala sababu sauti haikufika! Bale ba timu banajua. Banataka Kamate atoke, balete mashini za kuchimba pale pa kona.

— Ndizi bataipeleka wapi? Aimé alitaka kujua.

Kamate alitoa simu mfukoni, akaiweka gotini.

— Acheni. Nawapigia sasa, nawaambia batafute mwingine.

Honorine aliweka thermos chini. Kamate akaendelea:

— Kazi ninaipenda, mnajua. Miye sina kitu kingine ninajua kufanya. Lakini safari hii ilikuwa ndizi. Batu banajipanga pembeni ya barabara, bamama, batoto. Kama sikio inaweza kuniacha mara moja, itaniacha tena. Sitaki kuua mutoto wa mutu.

— Ngoja kwanza, bofrère, Jérôme alimwambia shemeji yake. Maliza kahawa.

Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo. Kamate alimtazama kwa huruma: kijana wa watu, amebandikwa plasta puani, naye kazi yake inakufa pamoja na masikio yasiyo yake.

Wakati huo mama mmoja aliteremka kwenye pikipiki na bidoni mbili za maziwa, akaziweka chini, akaomba kikombe. Anaitwa Joséphine, alitoka Iga Barrière, na pikipiki ya kumpeleka sokoni ilikuwa inatafuta mafuta. Sénateur, ambaye hawezi kuona mgeni asimweleze jambo, akamweleza lote: daftari, kona, ndizi, dhahabu.

— Iga yetu? Joséphine alishangaa. Munaitumia mpaka Uganda?

— Mama, Iga iko mu michezo ya kimataifa.

— Eeh! Alipuliza kahawa, akanywa, akafikiri. Sasa huyu wa kusoma, alisema Iga?

— Alisema.

— Nani alisikia?

Sénateur alimtazama Aimé. Aimé alitazama kamio. Honorine alisimama na thermos hewani. Wiki tatu walikuwa wamelichunguza sikio la Kamate ndani na nje, wakalipima kwa injini, wakalichimbia dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Katika gari walikuwa wawili. Mmoja alisema amesema. Mwingine hakusikia.

— Nauliza tu, alisema Joséphine. Kwetu, nikimuita mutoto na hajibu, naanza kujiuliza kama kweli niliita.

Jérôme alikuwa na kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu, lakini aliendelea kunywa. Kisha akakishusha.

— Sikusema.

Kamate hakugeuka. Kitu kilichokuwa kimemkalia shingoni wiki tatu kiliinuka, polepole, kama mzee anayetoka kanisani. Akasikia pikipiki ikipanda mbali huko barabarani. Akasikia kizibo cha thermos mkononi mwa Honorine, na maziwa yakitua ndani ya bidoni, na pumzi ya Jérôme ikipita kwa shida katika pua iliyovimba. Alijua hasira iko njiani na itafika, pengine mchana, na itakuwa kubwa. Lakini kwa sasa alikuwa na masikio mawili, mazima, na alitaka kuyatumia.

— Rudia, alisema.

— Umeshasikia, bofrère.

— Nimesikia muzuri sana. Rudia yote.

Jérôme aliangalia mikono yake.

— Sikusema Iga. Ku bakubwa nilidanganya, niliogopa. Pale juu ya kilima kulikuwa baétudiants, banafunzi ba Bunia banasoma kule, na drapeau, bendera yetu. Miaka sita batu banaita Kamate, Kamate. Bale baliita Jérôme. Nikatoa macho mu daftari, nikabapungia mukono.