Bi Ruwaida binti Jeilani, Mpiga Kinanda wa Harusi za Wanawake

Assalaam alaykum. Hitima imesomwa, masinia yako jikoni, na kabla hayajaletwa familia, kupitia kwangu mimi jirani yao, inawaomba mtulie kidogo tumsikilize marehemu, maana katika uhai wake hakupenda watu wale kabla hajamaliza.

Bi Ruwaida alizaliwa Langoni, hapa Lamu mjini, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa pili wa marehemu Bwana Jeilani, nduguye mkubwa akiwa Bi Esha, mwimbaji mnayemjua nyote. Alihitimu madrasa na darasa la nane mwaka 1986, akashona mabuibui hadi tarehe 3 Juni 1993, alipoolewa na Bwana Obeid, muuza vitambaa, wakajaaliwa watoto wawili, Adnan na Iman.

Kinanda cha umeme alikianza mwaka 2001, kwa kuwa Bi Esha alikuwa akiimba kwenye harusi za wanawake, mahali ambapo wapigaji wanaume hawaingii, na mwanamke wa kumpigia hakuwapo. Ngoma ya kinanda kile hujiendesha yenyewe, lakini ina vitufe vya kuiamrisha, cha kuchapua, kinachoiongezea vishindo kabla ya ubeti mpya, cha kukata, kinachoinyamazisha kidogo kisha ikarudi, na cha kumaliza. Harusi yake ya kwanza, Mkokoni, Desemba mwaka huo, alitaka kukata ili bibi harusi aingie ukumbini kwa shangwe, kidole kikaangukia cha kumaliza, wimbo ukafungwa kwa kishindo, na wageni, wakidhani shughuli imekwisha, wakajitanda mabuibui wakaanza kutoka, mama wa bibi harusi akiwakimbilia mlangoni akilia, "Warudisheni, mwanangu yungali ndiani!" Alitaniwa miaka, naye akicheka pamoja nasi, lakini tangu siku ile aliapa kwamba bibi harusi hatavunjiwa tena shughuli yake kwa sababu ya Ruwaida.

Akajifunza mpaka vidole vikaona vyenyewe. Mato yake yalikuwa yakitazama kifua cha nduguye, kwa kuwa Bi Esha ana pumu, na kila pumzi ilipomwishia, Bi Ruwaida aliikata ngoma, wanawake wakapiga vigelegele, na Bi Esha akavuta pumzi bila mtu kujua kwamba ameokolewa.

Tarehe 16 Agosti 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa. Wenzake wa kundi walimshauri apumzike, wao watapiga ngoma iliyorekodiwa, akawajibu kwa ulimi uliokuwa bado mzito, "Esha akikosa pumzi, hiyo flashi yenu itamngoja?" Alinunua kanyagio, akalipanga mguu wa kulia uwe ndio unaokata na kuchapua, akamkalisha Iman ubavuni ashike sauti za chini badala ya mkono wake, na kwa zaidi ya mwaka majirani hatukulala mchana, na tulinung'unika, Mola atusamehe. Tarehe 10 Desemba 2022, Mokowe, alirudi ukumbini, mama na binti juu ya kinanda kimoja, na ngoma ikakatwa palepale ilipotakiwa.

Januari mwaka huu wa 2025 maradhi yalimrudia, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari, akafariki nyumbani, akazikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Langoni, wenzake wa kundi, na wanawake wa Mkokoni waliokuwa wakimbeba kwa kiti kutoka mashuani alipokuwa hawezi tena kutembea mchangani.

Mmeuliza tangu asubuhi Iman yuko wapi, na wengine mmeshaanza kunong'ona. Jumatatu jioni marehemu alimwita mbele ya babake, ili asije mtu akabisha, akamwambia, "Harusi ya Kiwayu tumeshaitika, siku ni Alhamisi. Nife nisife, enenda." Iman alilia, akakataa, akashikwa mkono kwa ule mkono mmoja mzima mpaka akakubali. Leo ni Alhamisi, Bi Esha ameondoka naye kwa boti ya asubuhi, na mwenye lawama na amlaumu marehemu, kwa sababu sisi tulishindwa kubishana naye akiwa hai.

Mola akulaze pema, Bi Ruwaida. Mtoto amekwenda.